Ukoko wa Kuvu kwenye Miti ya Majani Mapana: Je, Ni Stereum hirsutum au Nyingine Inayofanana Nayo?

Kuvu za ukoko hazina shina wala mwavuli. Hujitandaza juu ya gome au mti mkavu na kuushika kama ukoko ulioshika sufuria, na pengine ukingo wake wa juu hujikunja na kutokeza nje kama rafu nyembamba ya ngozi. Mtu anayeziona kwa mara ya kwanza kwenye tawi la mti wa majani mapana huona rangi ya chungwa au hudhurungi, hutazama picha mbili tatu, huandika Stereum hirsutum na kuendelea na safari yake. Mara nyingi huwa amepatia, kwa kuwa kuvu hiyo imeenea sana kwenye miti hiyo na huonekana mwaka mzima. Hata hivyo amepatia kwa bahati. Siku atakapokutana na Chondrostereum purpureum kwenye mplamu wake mwenyewe, au na Kretzschmaria deusta shinani mwa mti mkubwa unaoegemea paa, kukosea jina kutamgharimu.

Ulinganisho huu unaichukua Stereum hirsutum kuwa kipimo na kuzipanga nyingine kandoni mwake, kila moja kwa alama inayoitenga. Kwa maoni yangu mpangilio wa kuangalia ni muhimu kuliko wingi wa alama: kwanza uso wa chini, pili mkwaruzo, tatu uso wa juu, nne mti wenyewe, na rangi ije mwisho kabisa. Rangi ya kuvu hizi hubadilika kwa maji, kwa jua na kwa umri, kiasi kwamba kipande kile kile kinaweza kuwa cha chungwa kali baada ya mvua na kijivu chenye vumbi wiki chache baadaye. Inafaa kukumbuka kwamba wanasayansi Willdenow, alipoieleza kuvu hii mwaka 1787, na Persoon, alipoiingiza katika jenasi (kundi la spishi jamaa) ya Stereum mwaka 1800, walibaki na neno hirsutum, yaani yenye manyoya, wala hawakuipa jina la rangi.

Jambo moja kabla ya kuanza. Miti mingi inayotajwa hapa haina jina la Kiswahili lililozoeleka, kwa hiyo nimetumia majina ya kisayansi ya jenasi, isipokuwa kwa mwaloni, msonobari, mplamu, mcheri na mtofaa.

Zenye vitundu ziondoke kwanza

Geuza kipande na utazame upande unaoelekea ardhini. Uso wa chini wa Stereum yoyote ni laini, au una vifundo na mawimbi madogo, lakini hauna vitundu hata kimoja. Trametes versicolor, ambayo kwa juu ina manyoya na mistari ya rangi inayofuatana kama ile ya Stereum hirsutum, ina vitundu vyeupe au vya rangi ya malai, takriban 3 hadi 5 katika kila milimita, na jicho zima huviona bila shida. Bjerkandera adusta ni ngumu kidogo kwa sababu vitundu vyake ni vidogo zaidi, kiasi cha 4 hadi 6 kwa milimita, na rangi yake ya kijivu cha majivu huvificha. Hapo lenzi ya mkononi inayokuza mara 10 inatosha kumaliza ubishi. Ukibonyeza uso huo wa kijivu kwa kidole, huwa mweusi zaidi pale ulipoguswa, jambo ambalo Stereum hirsutum hailifanyi.

Nimeanza na hatua hii kwa sababu ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Picha nyingi zinazoombewa majina zimepigwa kutoka juu tu, na kutoka juu Trametes na Stereum zinaweza kumdanganya hata mzoefu.

Zinazovuja na zisizovuja

Baada ya kuthibitisha kwamba uso wa chini ni laini, chukua ncha ya kisu au ukucha, ukwaruze uso huo kwa nguvu kiasi cha kuuchana, kisha usubiri dakika moja. Baadhi ya kuvu za jenasi Stereum zina nyuzi maalumu zenye utomvu ambao hugeuka mwekundu kama damu zinapokatwa. Stereum hirsutum haimo kati ya hizo: hubaki na rangi yake, au pengine hupata umanjano kidogo, lakini haiwi nyekundu. Kwa hiyo ukiona wekundu, jina la Stereum hirsutum limeshaanguka, hata kama kila kitu kingine kinaonekana kulingana nalo.

Kipimo hiki kina sharti moja ambalo likipuuzwa hakifai kitu: kipande lazima kiwe kibichi au kiwe kimeloweshwa. Kuvu iliyokauka haivuji. Basi ukiikuta kavu, idondoshee maji, iache mpaka inywe na kulainika, halafu ndipo ukwaruze. Jibu la hapana linalotoka kwenye kipande kikavu si jibu.

Zinazovuja kwenye miti ya majani mapana ni mbili za kulinganisha, nazo hutofautiana kwa umbo zaidi kuliko kwa rangi. Stereum rugosum ni nene, ngumu kama ubao, na kwa kawaida imelala bapa juu ya gome bila kofia, yaani ile rafu inayotokeza nje, au ina kofia nyembamba tu kwenye ukingo wa juu. Huishi miaka mingi na kuongeza tabaka jipya juu ya lile la zamani, kwa hiyo ukiikata wima na kutazama kwa lenzi unaweza kuona matabaka yakipangana. Uso wake una vifundo, rangi yake ni ya ngozi iliyofifia, ya waridi iliyochanganyika na kijivu, na hupatikana sana kwenye Corylus, Alnus na Fagus. Stereum gausapatum kwa upande wake ni nyembamba, hunyumbulika, na hutoa kofia nyingi ndogo za hudhurungi zilizokunjamana, zenye ukingo mweupe inapokuwa inakua. Hiyo hupenda mwaloni kuliko miti mingine, na inaweza kuozesha kiini cha mti ulio hai kwa kuingia kupitia matawi yaliyokufa. Mtu aliyekaa mbele ya tawi la mwaloni akiwa na ukoko mwembamba wa hudhurungi unaovuja wekundu hana haja ya kuhangaika sana kutafuta jina.

Ipo ya tatu inayovuja, Stereum sanguinolentum, lakini makao yake ni misonobari na jamaa zake. Naitaja kwa sababu vigogo vilivyokatwa na kurundikwa pamoja huwapotosha watu: gome likishadondoka, kigogo cha msonobari na kigogo cha mti wa majani mapana vinaweza kulala pamoja bila mtu kutambua kipi ni kipi. Usipoujua mti, usiutumie kama ushahidi.

Kati ya zisizovuja, mpinzani wa karibu wa Stereum hirsutum ni Stereum subtomentosum, iliyotengwa na kupewa jina na mtaalamu wa kuvu Pouzar mwaka 1964. Hapa tofauti iko mahali kuvu inaposhika mti. Stereum hirsutum hushika kwa upana, kofia zake huungana ubavu kwa ubavu na kufanya safu ndefu zenye mawimbi, na mara nyingi sehemu yake kubwa imelala juu ya gome. Stereum subtomentosum hushika kwa sehemu ndogo tu na kufunguka kama pepeo la mkono, kofia zake ni kubwa zaidi, na uso wa chini ukiwa mbichi huwa wa manjano dhahiri unapokwaruzwa. Manyoya ya juu nayo husaidia: ya Stereum hirsutum ni marefu na husimama kama malaika ya mkononi wakati wa baridi, ilhali ya nyingine ni mafupi na laini kama mahameli. Katika maeneo ya joto kuna pia kundi la Stereum ostrea, ambayo jina lake lilianzia kwenye sampuli za Java, na hiyo nayo ina umbo la pepeo na mistari mingi ya rangi iliyokolea. Kwenye kundi hilo mimi hujizuia kusema zaidi ya jenasi kwa kutumia picha pekee.

Ya zambarau, inayopaswa kumtia wasiwasi mwenye bustani

Chondrostereum purpureum ndiyo ninayotaka ichukuliwe kwa uzito kuliko zote zilizotajwa hadi hapa, kwa kuwa ndiyo inayosababisha ugonjwa wa majani ya fedha kwenye miplamu, micheri, mitofaa na jamaa zake. Ikiwa changa hutambulika mara moja: uso wa chini ni laini na wa zambarau iliyoiva, uso wa juu una manyoya meupe au ya kijivu, na ukingo ni mweupe. Tatizo ni kwamba zambarau hiyo hufifia na kuwa hudhurungi kadiri kuvu inavyozeeka na kukauka, na kuvu kuukuu ya aina hii huweza kupita kwa urahisi kama Stereum iliyochakaa. Hapo ndipo wembe unapohitajika. Kata kipande wima na utazame unene wake kwa lenzi: Chondrostereum ina mstari mweusi wenye asili ya utelezi kati ya manyoya na tabaka la chini, na ikiwa imelowa mwili wake una ulaini kama wa gegedu, tofauti na ugumu wa ngozi wa Stereum. Haivuji utomvu mwekundu.

Kuvu yenyewe huwa haipo kwenye majani yanayong'aa. Huishi ndani ya ubao, hutoa sumu inayopanda na maji ya mti mpaka majanini, na sumu hiyo hulitenganisha ganda la juu la jani na nyama iliyo chini yake. Nafasi iliyojaa hewa katikati huakisi mwanga, nasi tunaona rangi ya fedha. Ukoko wa zambarau hujitokeza baadaye, kwenye tawi lililokwisha kufa. Kwa hiyo anayesubiri kuuona ukoko ndipo aamini ugonjwa amechelewa, na anayeuona ukoko kwenye rundo la kuni bila kuwa na mti mgonjwa bado ana jambo la kujifunza, kwa sababu spora zake (chembe za uzazi) huruka katika hali ya unyevu na kuingia kupitia majeraha mabichi ya kupogoa. Ndiyo sababu wakulima wa nchi zenye majira ya baridi hushauriwa kupogoa miplamu na micheri wakati wa kiangazi, spora zinapokuwa chache na jeraha linapoziba haraka.

Ukilinganisha dalili hizo na za Stereum hirsutum, uzito wake unatofautiana sana. Stereum hirsutum kwenye tawi lililokufa kwa kawaida inafanya kazi yake ya kuozesha mti mkavu kwa uozo mweupe, ikivunja lignini (kinachoupa ubao ugumu) pamoja na selulosi (nyuzinyuzi zake), na mwenye bustani anaweza kuiacha. Chondrostereum kwenye mplamu ulio hai inadai tawi likatwe mpaka pasipo na doa jeusi ndani ya ubao, na kilichokatwa kichomwe. Ndiyo maana nasisitiza kwamba swali la zambarau liulizwe kila mara ukoko unapoonekana kwenye mti wa matunda, hata kama rangi iliyopo machoni ni hudhurungi tu.

Zilizolala bapa kabisa

Ikiwa ukoko hauna kofia yoyote, orodha inabadilika, nami nitaipitia kwa haraka kwa kuwa nyingi kati ya hizi zina alama moja inayojitosheleza.

Peniophora quercina hukaa kwenye matawi makavu ya mwaloni ambayo bado yameshikamana na mti. Ikilowa ina rangi ya urujuani wenye kijivu na mguso wa nta; ikikauka kingo zake hubanduka na kujikunja juu, na upande wa nyuma unaoonekana hapo ni mweusi au hudhurungi nzito. Vuilleminia comedens nayo hupenda mwaloni, lakini mwendo wake ni mwingine: hukua chini ya gome na kulisukuma mpaka lipasuke na kujiviringisha pembeni kama karatasi, na tawi hubaki uchi likiwa na ngozi nyembamba ya kinta isiyobanduka. Hivyo kati ya mbili hizi uliza swali moja tu: je, kilichojikunja ni kuvu au ni gome?

Phlebia radiata ina makunyanzi yanayotoka katikati na kutawanyika kama miali, na rangi yake ya chungwa au waridi inaweza kuwa kali mno. Stereum hirsutum iliyolala bapa inaweza kuwa na rangi hiyo hiyo, lakini haina miali. Hymenochaete rubiginosa, kwenye mwaloni mkavu uliokwisha kupoteza gome, ni ngumu na ya hudhurungi yenye kutu, na tone la mmumunyo wa haidroksidi ya potasiamu huifanya iwe nyeusi papo hapo. Kwa lenzi yenye nguvu utaona pia viiba vidogo vya hudhurungi vilivyosimama kwenye uso wake. Terana caerulea ni ya buluu, buluu ya wino, na hakuna haja ya kuilinganisha na kitu.

Ipo njia ya mzunguko ambayo hunifurahisha kila inapofanikiwa. Kuvu za jenasi Tremella, zile zenye mwili wa utelezi wa manjano uliokunjamana, huishi kwa kunyonya kuvu nyingine. Tremella aurantia hunyonya Stereum hirsutum, na Tremella mesenterica hunyonya jamii ya Peniophora. Ukiona bonge la manjano limekaa kati ya rafu za chungwa, au juu ya ukoko bapa wa kijivu, mgeni na mwenyeji hutambulishana. Hiyo haimaanishi kwamba kila ukoko ulio jirani ndio mwenyeji, kwani tawi moja huweza kubeba kuvu kadhaa, lakini ni ushahidi usiopaswa kuachwa nje ya picha.

Nyeusi ya shinani

Kretzschmaria deusta si ndugu wa karibu wa zote zilizotangulia. Hutengeneza spora zake ndani ya vifuko, si juu ya vikonyo, na kwa hiyo iko katika tawi jingine kabisa la ukoo wa kuvu. Naiweka hapa kwa kuwa mtazamaji huikuta kama ukoko, hasa kwenye Fagus, Tilia na Acer, karibu na mizizi. Msimu wa machipuko ni laini, ya kijivu, yenye ukingo mweupe, na wakati huo huweza kudhaniwa kuwa Stereum rugosum changa au Bjerkandera adusta isiyo na kofia. Baadaye huwa nyeusi, yenye vifundo, na ukiibonyeza huvunjika kama mkaa. Stereum haivunjiki namna hiyo hata ikikauka kupita kiasi.

Tofauti ya matokeo ni kubwa. Kuvu hii hula selulosi ya ubao wa shina na mizizi na kuacha sehemu kubwa ya lignini, hivyo ubao unakuwa mgumu lakini unaokatika ghafla, na mti wenye majani mabichi na afya ya kuonekana unaweza kuanguka. Hapa sishauri mtu atafute uhakika wa jina peke yake. Ukoko mweusi unaovunjika kama mkaa, shinani mwa mti ulio hai, karibu na njia au nyumba, ni sababu tosha ya kumwita mtaalamu wa miti hata kabla jina halijathibitishwa.

Hadubini, na mahali pa kusimama

Mwenye hadubini anaweza kukata shauri katika kesi mbili ambazo jicho linashindwa. Ya kwanza ni Chondrostereum iliyofifia dhidi ya Stereum kuukuu: spora za Stereum hugeuka buluu au kijivu katika kitendanishi cha Melzer, chenye iodini, ilhali za Chondrostereum hazibadiliki, tena nyuzi za Chondrostereum zina vifundo vya kuunganisha kwenye maungio, na chini ya tabaka la spora kuna seli zilizovimba kama vibofu. Ya pili ni ukoko bapa wa waridi au kijivu usiojulikana. Uweke juu ya kioo usiku kucha ukiwa umelowa na uso wa spora ukitazama chini: Stereum huacha vumbi jeupe, na Peniophora nyingi huacha vumbi la waridi.

Kwa asiye na hadubini, mimi ningeamua hivi. Kama uso wa chini ni laini na wa chungwa, kipande kilicholoweshwa hakikuvuja wekundu, uso wa juu una manyoya marefu, kofia zimeungana kwa safu na mti ni wa majani mapana, jina la Stereum hirsutum linaweza kuandikwa kwa moyo mweupe, huku ikikumbukwa kwamba jina hilo lenyewe linachukuliwa na wataalamu kuwa linafunika kundi la spishi zinazokaribiana sana. Ikikosekana alama ya uso wa chini au ya mkwaruzo, andika Stereum na uishie hapo. Ikikosekana zote mbili, rudi kwenye tawi ukiwa na chupa ya maji na kisu. Ukoko huo haukimbii, na nyingi kati ya kuvu hizi zitakuwa bado zipo mwezi ujao.